Magauni Niliyoyashona Kavu

Ponsi mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga Bi Zuhura, na kwa ninavyomjua jirani yetu, hutoki kwake bila kula. Ukishakula atataka akupake hina, ingawa nimeshamwambia kwamba unakokwenda masista hawatataka kuona hina. Kwa hiyo nina muda. Nimefunga mlango wa mbele wateja wadhani sipo, nimesukuma vitambaa pembeni, naandika juu ya meza ya cherehani. Ukiona mistari inapanda na kushuka, ni meza hii, unaijua ilivyo.

Sitakuandikia habari za kufua na kuanika, wala za kuvaa kandambili bafuni. Hayo nimekuimbia tangu unaota meno, na kama hayajaingia mpaka leo hayaingii tena. Kuna neno moja tu nililo nalo. Nimelizungukia wiki nzima, kila nikitaka kukuambia naishia kukuuliza kama umekula.

Leo jioni jumuiya inakuja kukuaga. Tutasali rozari, watakunywa chai, halafu Katekista Alanus atasimama na kusema kama anavyosema kila mtoto wa mtu anapoondoka, "Sasa mzazi ambariki mwanawe kwa maneno yake mwenyewe." Nitachovya kidole kwenye maji ya baraka, nitakuchora msalaba kwenye paji la uso, na watu wote watanyamaza kunisubiri. Unajua wanavyonisubiri. Mama Ponsi akisali watu hutoa vitambaa wakafuta macho, na mke wa Katekista husema wazi kwamba mumewe angejifunza kwangu.

Ponsi, mimi sijasali tangu Kwaresima. Sijui kama jioni hii mdomo wangu utafunguka. Naogopa sana, na nimeona heri uijue sababu kutoka kwangu mwenyewe, kabla hujaniona nimesimama mbele yako kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Najua utakachosema. Utasema, mama, mbona kila Alhamisi nakusikia? Unanisikia, ndiyo. Sauti ipo. Maneno ninayajua, napajua pa kupandisha na pa kushusha, naweza kuyasema huku nawaza uzi mweusi umekwisha. Hicho ndicho unachokisikia. Sasa ngoja nianzie nyuma kidogo, maana nataka ujue kwamba haikuwa hivyo siku zote, na kwamba kusali kwangu hakukuwa maigizo.

Nilipoletwa hapa kisiwani, Kilindoni, nilikuwa bibi harusi mwembamba, nimetoka bara, sijawahi kuona bahari. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa ameajiriwa kutengeneza majokofu ya samaki, akitoka asubuhi anarudi ananuka changu. Sikuwa na mtu. Wakristo tulikuwa wachache, padre alikuja kwa boti akipata nafasi, na kanisa lenyewe lilikuwa chumba cha kuazima. Kwetu nilizoea kengele ya misheni. Huku hakuna kengele, kuna adhana. Alfajiri ya kwanza niliposikia spika ya msikiti ikilia karibu kabisa na dirisha letu, niliruka kitandani nikadhani kuna moto. Baba yako alicheka mpaka akakohoa.

Nikazoea. Nikaanza kuamka nayo. Adhana ikilia nanyanyuka, nawasha jiko, naketi kwenye kigoda uani, nasali kwa sauti kama nilivyofundishwa na mama yangu, yeye aliamini Mungu husikia vizuri zaidi ukitamka. Upande wa pili wa ua wa makuti namsikia Bi Zuhura anamwaga maji kwenye kopo, anatia udhu, anasukutua. Hatukuwa tumejuana bado. Yeye akikohoa na mimi nakohoa, basi, hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu. Miezi ilipita hivyo kabla hajaniita jina.

Halafu nikaanza kushona, na hapo nikapata njia yangu ya pili. Unaijua, ila sikuwahi kukuambia jinsi ilivyoanza. Nilikuwa nashona kanzu ya mzee mmoja wa sokoni, mkali, anasumbua vipimo, na mimi nimemchukia kweli. Nikajiambia, hii kanzu nikiishona na chuki hii itamkaa vibaya. Nikamtaja jina lake kwa Mungu nikiwa natunga uzi kwenye sindano. Jina tu, na neno moja la kumtakia heri. Tangu siku hiyo hakuna nguo niliyoipitisha kwenye cherehani hii bila kumtaja mwenyewe. Kanzu za Idi, madera, sare za shule, magauni ya Krismasi, wote niliwataja. Kisiwa hiki kimejaa Waislamu ambao sala zangu zimo kwenye mapindo ya nguo zao na wenyewe hawajui. Kanzu ya yule mzee, nikuambie ukweli, ilitoka fupi hata hivyo.

Basi nikajiona nimefika. Nilijiona mtu wa sala haswa. Mpaka ikaja masika moja, wewe ulikuwa unaanza kutambaa, radi ikapiga spika ya msikiti ikaungua. Asubuhi ya kwanza nikalala mpaka jua likaingia ndani. Nikasema ni uchovu wa mtoto. Ya pili hivyo hivyo. Siku zikaenda na mimi sikuona pengo lolote, nilikuwa naamka, napika, nakupakata, nashona, nalala. Alikuja kuniuliza Bi Zuhura, kapitisha kichwa juu ya ua, "Mama Ponsi, mmehama au mnaumwa? Alfajiri hakuna sauti."

Nikamwambia, "Adhana haipo, nimepitiwa na usingizi."

Akanitazama. "Sisi wenye adhana yetu tunaamka kwa saa ya simu, na wewe Mkristo umeshindwa kuamka kwa kuwa adhana imeharibika? Haya."

Nilikasirika siku nzima. Nilichokasirikia ni kwamba kasema kweli. Nilikuwa nimeitundika sala yangu kwenye msumari wa watu wengine, na msumari ulipong'oka, sala ilianguka na mimi sikusikia hata kishindo. Ilinichukua muda mrefu kujifunza kuamka bila kuitwa. Spika iliporudi nilikuwa tayari nimeketi kwenye kigoda.

Nakuambia hili kwa sababu unakokwenda kuna kengele tena, na kengele nyingi. Ya kuamka, ya misa, ya kula, ya kunyamaza. Ziheshimu. Ila siku moja, mwanangu, utajikuta umeketi kanisani pamoja na wenzako, kengele imekuleta, kitabu kimefunguliwa, mdomo unasoma, na wewe haupo. Usiogope siku hiyo, ila usijidanganye pia. Jiulize kama wewe umekuja au kengele ndiyo imekuja.

Baba yako alipofariki watu walidhani nitaacha kusali. Hata Katekista alinijia na maneno ya kunibembeleza. Hawakujua nilichokuwa nafanya uani. Nilikuwa nagombana na Mungu kila alfajiri. Nilimwambia, umenileta kisiwani kwa watu, umenipa mume mmoja na mtoto mmoja, na mume umemchukua na bisibisi yake iko juu ya kabati. Nilimwambia maneno ambayo sikuthubutu kumwambia hata mama mkwe. Lakini nilikuwa namwambia yeye, unaelewa? Nilikuwa natoka pale nimechoka, macho mekundu, na siku inaanza. Hasira haikunitenganisha na Mungu hata siku moja. Kilichonitenganisha naye kilikuja baadaye, nacho nimekitengeneza mwenyewe.

Unajua kwamba Alhamisi kwenye jumuiya, ombi la miito, la vijana kwenda upadre na usista, ni langu. Hakuna aliyenipa, lilijikuta limekuwa langu. Kila wiki nasimama naomba vijana waitikie, wazazi wasiwazuie watoto wao, wazazi wawe na moyo wa kutoa. Nilisema hivyo, wazazi wawe na moyo wa kutoa. Nimelisema miaka na miaka huku wewe umekaa miguuni pangu unachezea pindo la kanga yangu. Kumbe kuna mtu alikuwa anasikiliza.

Siku uliyoniambia tulikuwa tunamenya mihogo. Ulisema umezungumza na yule Sista aliyekuja Pasaka ya mwaka jana, kwamba umelifikiria jambo la usista tangu ukiwa kidato cha pili, na kwamba unataka kwenda kwenye nyumba yao ya malezi.

Nikauliza, "Kwenda lini, kurudi lini?"

Ukasema, "Mama, kwenda tu."

Nikakuambia, "Sogeza hiyo mihogo huku, unaimenya nene."

Hilo ndilo jibu nililokupa. Ulisubiri lingine, nilikuona unasubiri, mwishowe ukaendelea kumenya. Naumia nikilikumbuka.

Sasa sikia. Alhamisi ile Katekista alitangaza uamuzi wako, watu wakapiga vigelegele, nikasimama nikakuombea vizuri kuliko nilivyowahi kumwombea mtu. Nilikuombea mlango ufunguke, walezi wakupende, uvumilie. Mke wa Katekista alilia. Kisha nikarudi nyumbani nikaketi kwenye cherehani, nikaomba ukose.

Nilikuombea ukose, Ponsi. Nilikuwa nashona gauni la harusi la binti wa watu, jeupe, limejaa kitandani, na badala ya kumtaja yeye nikasema, Mungu, huyu wangu mwache. Chukua wa wengine. Wako wenye watoto saba, wako wenye watoto tisa, nenda huko. Mimi nina mmoja, na nilitaka kumshonea gauni kama hili, na nilitaka wajukuu wanaonivurugia uzi. Kesho yake nikaomba tena. Nilifunga na kula mkate mkavu kwa ajili ya ombi hilo. Niliomba kwa bidii kuliko nilivyomwombea baba yako apone. Na Alhamisi nilisimama mbele ya watu naomba lile lingine.

Masista walipotaka upimwe afya kabla ya kukupokea, nikaona hapo ndipo pa kushika. Nikaomba wakukute na kitu. Nilimpimia Mungu kabisa kama ninavyompimia mteja, kiwe kidogo, kiwe cha kutibika, kisikuumize sana, ila kitoshe kukurudisha nyumbani. Mwenyewe niliona nimekuwa muungwana, maana nimesema kisikuumize sana.

Ulianguka Kwaresima hii iliyopita, wenzetu wako kwenye Ramadhani. Ulianza na homa, tukasema malaria, tukanunua dawa. Siku iliyofuata huwezi kusimama, unamwita baba yako. Bi Zuhura alitafuta bodaboda, tukakupakia katikati yangu na dereva nimekushikilia kwa kanga, mpaka hospitali. Wakakutundikia dripu. Daktari kijana yule akasema tusubiri, na nilimsikia anavyolisema neno lenyewe, bila uhakika.

Wanajumuiya wakaja kwa zamu. Waliosimama kuzunguka kitanda chako wakanitazama mimi, kama kawaida. "Mama Ponsi, tuongoze." Nikafungua mdomo. Nikaona wazi kwamba anayesikiliza ndiye yule yule niliyemwagizia kitu hiki. Nikifungua mdomo nitasema nini? Kwamba nimebadilisha vipimo? Na nikisema vibaya tena je? Niliogopa maneno yangu, Ponsi, niliogopa kinywa changu kama mtu anavyoogopa kisu alichojikata nacho. Nikasema "Tusali kimya," na watu wakanisifu kwamba nina busara. Mimi nilikuwa nahesabu matone ya dripu.

Usiku ule ule, sijui kama unakumbuka, uliniambia, "Mama, niombee." Nikajibu, "Nakuombea, mwanangu." Nilikudanganya. Nilikuwa nimekushika mguu tu.

Ukapona. Sijui nani alikuombea, labda mke wa Katekista, labda Bi Zuhura aliyekuja na uji akiwa amefunga. Ulipata nafuu, ukapimwa, ukaonekana mzima, na simu ya mlezi ikaja kwamba unapokelewa. Na mimi tangu kitanda kile sijarudi kwenye sala. Alfajiri naamka, mazoea hayafi, nashika ufagio nafagia ua uleule mpaka mchanga unatoa vumbi. Mwezi uliopita Bi Zuhura alisema kutoka upande wake, "Mama Ponsi, siku hizi alfajiri ni ufagio tu."

"Koo linaniuma," nikamwambia.

"Tangu Ramadhani?"

Nikainama kufagia. Alimwaga maji yake, akaenda kusali.

Padre alipokuja nilijipanga kwenye mstari wa kitubio. Ilipofika zamu yangu nikamwambia mama aliyekuwa nyuma yangu apite, kwamba nina jambo la kukumbuka bado. Akapita, na mwingine akapita, na padre akavua stola yake akaenda kula. Ndivyo aibu ilivyo. Haikufukuzi kwa fujo. Inakuambia wapishe wengine kwanza, wewe una muda.

Nimekaa nikijiuliza kama Mungu alikutia homa kwa sababu yangu. Akili inaniambia hapana, mbu wa Kilindoni hawangoji ruhusa ya mama. Baba yako angenicheka. Lakini moyo haukubali kuchekwa, na sitakudanganya kwamba nimelimaliza. Nitakaa nalo. Ninachokijua ni kimoja, na kinanitosha kukuandikia. Nilipogombana naye kwa ajili ya baba yako nilibaki karibu, kwa sababu nilichokisema ndicho nilichokuwa nacho. Nilipoanza kuwa na sala ya watu na sala ya cherehani, mbili zinazopishana mlangoni, nikampoteza. Wewe utaishi na watu wanaosali kwa sauti nzuri, na utajifunza sauti yao, na utaipenda. Siku utakapoona kile unachomwambia ukiwa na wenzako hakifanani na kile kilichomo ndani, usingoje kipendeze. Mwambie kilivyo. Hata kama ni kibaya. Hata kama ni wewe unamwomba akurudishe kwa mama yako, mwambie, usijifanye hujakitamani.

Sasa nije kwenye magauni.

Yale mawili uliyoambiwa uende nayo, la bluu na la kijivu, nimeyashona mimi, ungeshonewa na nani mwingine? Nilikata vizuri, mikono inakaa, kola imelala. Lakini niliyashona kavu, kama mtu anavyokunywa chai kavu asubuhi kwa kuwa hakuna kitafunwa. Kila nilipotunga uzi jina lako lilifika hapa kooni likakaa. Mimi niliyewataja wenye kanzu wote wa kisiwa hiki, nguo ya mwanangu imepita kwenye sindano bila neno. Yamekunjwa kwenye begi lako sasa hivi na mimi siwezi kulitazama begi.

Naacha kuandika kidogo.

Nimerudi. Nimelitoa la bluu, nimefumua pindo lote. Nimelikalisha hapa, nimetunga uzi, nikasema jina lako zima, "Ponsiana." Sauti imetoka kama ya mtu mwingine. Nikangoja kuona kama kitu kitaanguka. Hakuna kilichoanguka, kuku wa jirani anapita tu. Nikajaribu kuendelea, hakuna lililokuja. Jina lako tu. Nimeshona pindo nusu na jina hilo moja, narudia, narudia. Sijui kama hiyo ni sala.

Nasikia sauti yako kwa Bi Zuhura, unacheka, basi hina imeshapakwa. Wageni watafika muda si mrefu na chai sijaweka jikoni. Jioni hii ukiniona nimesimama nimenyamaza, usidhani sina la kukuambia.

Wageni wameondoka. Wewe umelala, au unajifanya umelala, kama ulivyokuwa unafanya kila mkesha wa safari. Naongeza haya machache, kisha naiweka barua hii ndani ya kunjo la gauni, uikute ukishafika.

Ulikuwepo, kwa hiyo sihitaji kukusimulia sana. Ila wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, mambo mengine hukuyaona. Katekista alisema maneno yake. Nilichovya kidole, nikakuchora msalaba, paji la uso wako lilikuwa la moto na niliogopa nikadhani homa, kumbe ni joto la watu chumbani. Nikasema, "Ponsiana." Halafu nikanyamaza.

Mwanzoni walidhani navuta pumzi. Mke wa Katekista alikuwa ameshaandaa kitambaa. Kimya kikazidi. Mtoto wa watu akauliza kama maandazi yamekwisha, akafinywa. Mama mmoja akakohoa kunisaidia. Katekista Alanus, maskini, alidhani nimezidiwa na majonzi, akaanza, "Basi, ndugu zangu," nikamwinulia mkono angoje. Sikumbuki kama nimewahi kumwinulia mkono mtu mzima. Akangoja. Bi Zuhura alikuwa ameketi barazani karibu na mlango, kanga kichwani, anatazama viatu vya watu. Na kidole changu bado kilikuwa kwenye paji lako.

Nikasema "Amina," na watu wakaitika kwa kusitasita, kama wasiojua wanaitikia nini. Walipokuwa wanatoka, mke wa Katekista alinishika bega akaniambia, "Leo umechoka, dada. Hata mimi ningechoka." Nimesikia huruma yake, na nimesikia pia kwamba nimemwangusha. Alhamisi ijayo watampa mwingine ombi la miito, na ni sawa.

Tulipokuwa tunaosha vikombe uliniuliza, "Mama, ulivyonyamaza vile, ulikuwa unamwambia Mungu nini?" Nikakuambia suuza vizuri, kuna sukari chini. Nisamehe. Nimekujibu mihogo kwa mara ya pili.

Pindo la gauni la bluu nimelimalizia sasa hivi kwa mkono. La kijivu nimeliacha kavu kama lilivyo. Muda hautoshi, na nadhani si vibaya ukienda na moja ambalo sala yake utaitia mwenyewe. Kesho adhana ikilia, kabla hatujatoka kwenda kuiwahi boti ya Nyamisati, upande wa bara, nitakuwa uani kwenye kigoda. Ufagio nitauacha nyuma ya mlango.

Na jibu lako ni hili. Kidole kilipokuwa juu ya paji lako nilimwambia, "Sitaki aende." Nikakaa nalo hapo mbele ya watu wote, nikaona hajaniondokea. Ndipo nikamwambia, "Mchukue." Yote mawili ni ya kweli, Ponsi, na safari hii nimeyasema kwa mdomo mmoja.

Mama yako, niliye macho.